Kioo Cheusi Unapoonyesha Skrini Kwenye Linux: Sababu, Tiba, na Kosa Langu



Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbaazi. Naandika kuhusu kompyuta, kwa sababu makatibu wa vikundi na wenye maduka ya pembejeo wamekuwa wakiniuliza swali moja: "Bwana shamba, nikiwa kwenye mkutano wa video na wenzangu, nikibonyeza pa kuonyesha skrini, wao wanaona weusi mtupu. Sauti yangu wanaisikia, ila jedwali hawalioni. Kompyuta yangu ni ya Linux. Je, imeharibika?"

Jibu fupi ni kwamba haijaharibika. Jibu refu lina sababu, tiba na onyo. Onyo nililipata kwa kumuumiza mtu, ndiyo maana naanza nalo. Stashahada yangu ni ya kilimo, si ya kompyuta. Haya nimejifunza kwa kuungua.

Kwa nini Linux imefika kwetu

Wengi wetu tunanunua kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya kuitunza Windows 10. Windows 11 nayo inadai mashine yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti yake. Kwa hiyo ukimpelekea fundi kompyuta ya miaka kumi, mara nyingi atakushauri akuwekee Linux. Ni ya bure, haidai mashine yenye nguvu sana, na virusi tunavyoambukizana kwa flashi vingi vimetengenezwa kwa ajili ya Windows.

Mimi mwenyewe nilishauriwa hivyo, na sijutii. Jedwali la kikundi nalifungua kwa LibreOffice, barua naandika, picha za majani yenye ugonjwa nahifadhi. Tatizo lilianza siku nilipotaka kuwaonyesha wenzangu kilichomo kwenye kioo changu.

Siku ya mkutano

Ilikuwa masika, mahindi yamefika magotini, wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia. Barabara ya kwenda kijijini ilikuwa imekatika kwenye korongo, hata pikipiki hazipiti. Mimi nilikuwa mjini. Wanakikundi walikusanyika dukani kwa katibu, wakazunguka kompyuta yake iliyowekwa juu ya meza ya kuuzia. Kesho yake asubuhi fedha ya mbolea ilitakiwa itumwe kwa msambazaji, na kabla ya hapo kila mmoja alitaka kuona jina lake, ekari zake na mifuko yake. Mwaka uliotangulia orodha ilikosewa, na wawili walikosa mbolea kabisa. Hivyo hakuna aliyekuwa tayari kukubali kwa kusomewa tu.

Nikafungua programu ya mazungumzo, tukasalimiana, nikabonyeza pa kuonyesha skrini. Katibu akasema, "Bwana shamba, tunaona giza." Nikarudia. Giza. Akasema anaona kamshale ka kipanya tu kanatembea kwenye weusi.

Nililaumu mtandao. Nikanunua bando jingine. Nikatoka ofisini nikahamia chini ya mwembe ambako simu hushika vizuri. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Ikapita karibu saa nzima, na nyuma ya sauti ya katibu nikawasikia watu wakisema wameacha palizi.

Nikampigia fundi wangu. Akaniambia: "Toka kwenye akaunti yako, rudi pale unapoandika neno la siri. Chini kuna alama ya gurudumu. Bonyeza, chagua Xorg, kisha ingia." Nikafanya. Nikarudi mkutanoni, nikachagua kuonyesha skrini nzima kwa sababu ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, na jedwali likaonekana. Dukani watu walipiga makofi.

Tulikuwa tumefika jina la saba au la nane hivi. Kwenye kivinjari changu WhatsApp ilikuwa wazi, na sikuwa nimezima arifa. Kwenye kona ya juu ya skrini kikatokea kiboksi chenye jina la mama mmoja mwanakikundi ambaye siku hiyo hakuja, na chini yake mistari miwili ya ujumbe alionitumia mimi peke yangu. Ulihusu deni lake la mbolea na jambo la nyumbani kwake. Zaidi ya hapo siandiki, kwa maana ujumbe ule umeshasomwa na watu wengi kuliko waliostahili.

Kiboksi kilikaa sekunde chache. Mtu mmoja dukani, wale wanaopenda kuonyesha kwamba wanajua kusoma, akausoma kwa sauti. Kisha kukawa kimya. Nikasema, "Tuendelee," tukaendelea. Mbolea iliagizwa sawasawa, hakuna aliyekosa. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kinajua.

Nilipokwenda kuomba radhi

Barabara ilipofunguka nilikwenda nyumbani kwake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, bwana shamba. Karibu kiti." Akanipa maji ya kunywa kabla sijasema lolote. Nikamwomba radhi. Nikaanza kueleza: mtandao ulikuwa mbaya, mashine ilinisumbua, kile kiboksi kilijitokeza chenyewe.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilikuandikia wewe. Sikuliandikia duka."

Nikasema tena kuhusu mashine. Akauliza, "Mashine aliifungua nani?"

Sikuwa na jibu. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza swali hilo, na nilipokaa na fundi anieleze vizuri kilichotokea, niligundua kwamba lilikuwa swali sahihi hata kwa upande wa kompyuta. Ule weusi ulikuwa mlango uliofungwa, na aliyeuvunja ni mimi.

Weusi ule unatoka wapi

Fikiria maghala mawili ya kijiji. Ghala la kwanza ni chumba kimoja kikubwa kisicho na kuta za ndani. Ukiingia kuchukua gunia lako, unaona na magunia ya wengine wote: nani amejaza, nani ana debe moja. Ghala la pili lina vyumba, kila mtu na chake, na mtunza ghala amekaa mlangoni na funguo. Ukitaka kuona chumba kisicho chako, unamwomba mtunza ghala, naye anamwuliza mwenye chumba kwanza.

Linux imepitia maghala yote mawili. La kwanza linaitwa X11. Ni mfumo wa kuchora madirisha kwenye kioo uliotoka katika chuo cha MIT, Marekani, na toleo hilo la 11 ni la mwaka 1987. Zama zile kompyuta za vyuoni ziliaminiana. Ndani ya X11, programu yoyote iliyofunguka inaweza kutazama kioo kizima, hata madirisha ya programu nyingine, bila kumwuliza mtu. Xorg aliyoniambia fundi ni jina la programu inayoendesha X11 hiyo.

Ghala la pili linaitwa Wayland. Lilianzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg. Humo kila programu inaona dirisha lake tu. Ikitaka kuona zaidi, inapitia kwa mtunza ghala aitwaye xdg-desktop-portal. Huyu anakuletea kiboksi kwenye kioo kukuuliza: unaruhusu? Skrini nzima au dirisha moja? Ukishakubali, picha inachukuliwa na mchukuzi mwingine aitwaye PipeWire na kupelekwa kwenye programu.

Ubuntu, kuanzia toleo la 22.04, kwenye kompyuta nyingi huanza na Wayland. Debian yenye mazingira ya GNOME inafanya hivyo tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Sasa, programu ya mazungumzo iliyotengenezwa kwa mazoea ya ghala la kwanza, au toleo la zamani ambalo halijasasishwa, haijui kumwomba mtunza ghala. Inafika, inachungulia yenyewe, inakuta ukuta. Ukuta huo ndio weusi wanaouona wenzako.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiona weusi usilaumu mtandao. Sauti ikiwa inafika vizuri na skrini ni nyeusi tu, bando jingine halitasaidia.

Tiba, kwa mpangilio

Fuata hatua hizi kuanzia ya kwanza. Usirukie ya mwisho kama nilivyofanya.

1. *Jua uko ghala gani.* Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya maelezo ya kompyuta, tafuta palipoandikwa "Windowing System". Mbele yake utasoma X11 au Wayland. Kama unaweza kutumia dirisha la amri, andika:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikijibu "wayland", endelea na hatua ya pili. Ikijibu "x11", skrini yako kwa kawaida itaonekana bila shida, lakini kumbuka uko kwenye ghala lisilo na kuta. Soma kwa makini sehemu ya tahadhari hapa chini. Wenye Linux Mint ya Cinnamon, wengi wenu mko huku.

2. *Jaribu kupitia kivinjari.* Kivinjari ni programu ya kufungulia tovuti, kama Firefox au Chrome. Matoleo yake mapya yanajua kumwomba mtunza ghala. Mkutano wa Google Meet au Jitsi Meet unafunguka ndani ya kivinjari bila kuweka programu nyingine. Microsoft iliondoa programu yake ya Teams ya Linux mwishoni mwa mwaka 2022, hivyo mwenye Teams naye anatakiwa apitie kwenye kivinjari. Kwa wengi wenu hatua hii pekee itamaliza tatizo.

3. *Sasisha.* Kama unatumia programu iliyowekwa kwenye kompyuta, kwa mfano Zoom, pakua toleo jipya. Programu nyingi zilizokuwa zikionyesha weusi miaka ya nyuma zimeshajifunza kupitia mlangoni. Fanya hivyo siku mbili kabla ya mkutano, si dakika tano kabla, maana kupakua kunakula muda na bando.

4. *Hakikisha mtunza ghala na mchukuzi wapo.* Kwenye Ubuntu ya kawaida, andika kwenye dirisha la amri:

sudo apt install pipewire xdg-desktop-portal xdg-desktop-portal-gnome

Anayetumia mazingira ya KDE aweke xdg-desktop-portal-kde badala ya ile ya mwisho. Kisha zima kompyuta, iwashe, ujaribu tena. Ukibonyeza pa kuonyesha skrini na kiboksi cha kuomba ruhusa kikatokea, umefika.

5. *Kama cha kuonyesha kiko kwenye simu, onyesha kutoka kwenye simu.* WhatsApp haina programu yake rasmi ya Linux, lakini tangu Agosti 2023 ilitangaza kuonyesha skrini ndani ya simu ya video. Picha ya jani la muhogo au risiti haihitaji kompyuta.

6. *Kurudi Xorg ni njia ya mwisho.* Pale penye neno la siri, gurudumu la chini, chagua "Ubuntu on Xorg". Kuanzia Ubuntu 25.10 mlango huo umeondolewa kwenye mazingira yake ya kawaida, kwa hiyo usijijengee mazoea nao. Na ukiutumia, tambua umeingia kwenye chumba kisicho na kuta.

Tahadhari kabla ya kubonyeza

Hizi nazifuata sasa kila mara, hata mkutano uwe na watu wawili.

*Onyesha dirisha moja, si skrini nzima.* Kiboksi kinapokuuliza, chagua dirisha la jedwali lako tu. Laiti ningefanya hivi siku ile, ujumbe ungetokea kwenye kioo changu na wao wasingeuona.

*Zima arifa.* Kwenye Ubuntu nyingi, bonyeza saa iliyo juu katikati ya kioo, utaona swichi iliyoandikwa "Do Not Disturb". Iwashe. Funga pia WhatsApp na barua pepe kwenye kivinjari. Kwenye simu fanya vivyo hivyo, kwa sababu simu ikionyesha skrini, inaonyesha na ujumbe wa M-Pesa unapoingia: umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, salio lako ni shilingi ngapi. Mfanyabiashara hutaki mteja unayebishana naye bei alijue salio lako.

*Andaa nakala ya kuonyesha.* Jedwali la kikundi lina majina, namba za simu na madeni. Tengeneza nakala yenye safu zinazohitajika tu. Siku ile wanakikundi walihitaji jina, ekari na mifuko. Safu ya madeni haikuwa na kazi pale, na ilikuwepo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tunaotunza taarifa za watu tuzilinde. Katibu wa kikundi, na wewe unahusika.

*Hakikisha umefunga.* Ukimaliza, bonyeza pa kusitisha, kisha tazama juu ya kioo. Kwenye GNOME kuna alama inayobaki pale wakati skrini yako inaonekana na wengine. Kama bado ipo, bado wanakuona.

*Usimwonyeshe mtu usiyemjua.* Akikupigia anayejiita wa benki au wa kampuni ya simu, akakuomba uonyeshe skrini ili "akusaidie", kata simu. Anachosubiri ni kusoma namba ya siri inayoingia kwa ujumbe mfupi.

Mkutano uliofuata

Msimu wa kuagiza mbegu tulikutana tena kwa njia ile ile. Nilikuwa nimerudi Wayland, nimesasisha kivinjari na kuandaa nakala yenye safu tatu. Nilipobonyeza, kiboksi kikatokea kuniuliza nionyeshe nini. Zamani ningekiona kero. Safari hii nilikisoma polepole, nikachagua dirisha moja, nikamwuliza katibu, "Mnaona nini?" Akajibu, "Jedwali tu, bwana shamba. Hakuna kingine." Ndivyo nilivyotaka.

Yule mama nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika makala hii. Alisema, "Andika, wengine wajifunze, ila jina langu liache." Nimeliacha. Amerudi kwenye shamba darasa, na mahindi yake msimu uliopita yalikuwa mazuri kuliko ya jirani zake wote. Lakini hanitumii tena ujumbe. Akiwa na swali anatembea kwa miguu mpaka ofisini, kama saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, anakaa kwenye benchi mpaka wengine watoke, ndipo anasema shida yake. Nimemwambia mara mbili kwamba siku hizi skrini yangu iko salama. Anatabasamu, anasema, "Sawa, bwana shamba," na wiki inayofuata anakuja tena kwa miguu.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiletewa weusi kwenye Linux, fuata hatua zile kwa utulivu. Watu wakisubiri dakika kumi hawatadhurika. Kabla hujaufungua mlango, angalia kwanza nyuma yake umeweka mali za nani.

Kama umekwama kwenye hatua mojawapo, niandikie toleo la Linux unayotumia, jina la programu, na jibu ulilopata kwenye hatua ya kwanza. Picha ya skrini unaweza kunitumia, ila ikague kwanza kabla ya kutuma.

Wiki ijayo tunarudi shambani: namna ya kukausha mahindi yasishike sumukuvu. Nawatakia kazi njema.